Diski ya Nne

Jumamosi ile Ntate Letlatsa alitaka diski tupu, na Ntate Letlatsa akitaka kitu hukitaka jana. Alisimama mlangoni mwa chumba cha seva, blanketi amelifunga kwa pini begani, mvuke ukimtoka mdomoni kwa baridi ya Maseru, akasema studio mpya ya picha za video inawashwa saa sita mchana na haina mahali pa kuweka hata wimbo mmoja.

"'M'e 'Mathabiso, nakuomba. Wewe ndiye uliyebaki. Diski moja tu."

"Ntate Khauta hayupo, Ntate."

"Najua hayupo. Kaenda Mafeteng kuzika. Sasa na mimi nizike redio nzima kwa sababu Khauta kafiwa na shangazi?"

'Mathabiso akacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mookho. Hilo la 'Mathabiso alipewa na wakwe siku ya harusi, kama ilivyo ada: bi harusi anaingia na jina alilopewa na baba yake, na kabla nyama haijaiva tayari anaitwa mama wa mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Thabiso hakuja. Mwaka ulifuata mwaka, mume akazidi kunyamaza, wakwe wakazidi kuuliza, na ofisini watu wakaendelea kumwita mama wa mtu asiyekuwapo. Aliitikia, maana ukilikataa jina la wakwe umeukataa ukoo. Lakini lilimchoma kila lilipotajwa, na hakuwahi kumwambia mtu hivyo.

Ndani ya chumba kile mlikuwa na seva mbili. Mafundi wa kwanza waliziita Senqu na Mohokare, kwa majina ya mito, na zilisaidiana kama wake wenza waliopatana: mmoja akiugua, mwenzake anaibeba nyumba. Chini yao palikuwa na kabati moja la diski, na wote wawili walichota humo humo. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kazi. Kila seva huzipa diski majina kwa jinsi ilivyokutana nazo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na haimuulizi mwenzake. Diski ambayo Senqu anaiita ya nne, Mohokare anaweza kuiita ya saba au ya pili, na diski yenyewe haina habari na majina hayo. Yenyewe ina namba yake moja, ndefu, iliyoandikwa ndani yake, ambayo haibadiliki hata uitazame kutoka wapi. Ukiandika amri ya kuziorodhesha, kila diski hupewa mstari wake: jina, namba, halafu kundi ambalo ni mali yake. Palipoandikwa "hakuna", maana yake seva hiyo haimjui mwenyewe. Haina maana kwamba mwenyewe hayupo.

Kwa ajili hiyo Khauta, fundi mwenzake mzee, alikuwa na sheria ambayo hakuivunja hata siku umeme ulipokatika kila saa. Kabla diski haijaguswa, mmoja anakaa kwa Senqu, mwingine kwa Mohokare, wanasomeana. Huyu anasoma namba, yule anaitafuta kwake na kutaja jina.

"Huyu kwenu anaitwa nani?" Khauta angeuliza, kwa sauti ya mshenga.

"Kwetu anaitwa wa saba."

"Hee! Sisi tunamwita wa nne. Basi tumeoana."

Walicheka kila mara, ingawa mzaha ulikuwa ule ule. Ndiyo starehe ya chumba kile.

Sasa Jumamosi ile hapakuwa na wa kumwitikia. Mookho alikumbuka kwamba wiki iliyotangulia, wakiwa wamekaa mbele ya Senqu, waliiona diski ya nne ikiwa tupu, mpya, haijaguswa na mtu. Hilo alilikumbuka vizuri, na lilikuwa kweli. Lakini Senqu ndiye aliyekuwa akirusha matangazo saa ile, na hakutaka kumgusa. Akakaa kwa Mohokare, aliyekuwa amerudi juzi tu kutoka kwa mafundi. Akaandika amri. Diski ya nne: hakuna.

Kumbukumbu ilisema ya nne, na macho yalisema ya nne. Mashahidi wawili wameafikiana, nani angeendelea kuuliza? Namba ilikuwa pale pale kwenye mstari, ndefu kama kawaida yake, na macho yake yaliipita kama mtu anavyompita jirani akiwa na haraka. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. Ikaongeza kwamba ndani ya diski inaonekana kama mna kitu cha mtu. Sasa mashine ile ilikuwa na kelele zake. Ilionya hata ukifungua mlango, na mtu akishazoea kuonywa bure huacha kusikia. Nyuma yake Ntate Letlatsa alikuwa akitembea huku na huku, viatu vikilia sakafuni. Mookho akaongeza neno la kulazimisha, akabonyeza.

"Tayari, Ntate."

"Si nilisema! Huyu mama ni chuma." Akatoka, akarudi na makoenya, maandazi ya moto, ndani ya karatasi yenye mafuta, akamwekea mezani mwenyewe. Mookho aliyala huku amejifunika blanketi, akaona ladha yake nzuri.

Jumapili alikwenda kanisani, na aliporudi alifurahi kuliko siku nyingi zilizopita, kwa sababu ya Jumatatu. Jumatatu alikuwa anakuja 'M'e 'Makhahliso.

Mama huyo alikuwa mjane, au si mjane, hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Alikuwa na mume, Tlelaka, aliyekwenda kwenye migodi ya dhahabu ng'ambo kama wanaume wote wa milima ile, akawa anarudi kila baada ya mkataba, halafu safari moja hakurudi. Hakuja maiti, hakuja mtu wa kusema nimemwona. Wakwe wakaamua kwamba amekuwa lekholoa, mwanamume aliyemezwa na migodi akasahau kwao, na wakaamua pia sababu: mke. Mwanamke angekuwa mwema mume angerudi. Maneno hayo alikula nayo ugali na mboga kila siku ya Mungu. Hakuvaa nguo nyeusi za msiba maana hakuna aliyemwambia amefiwa, na hakuolewa tena maana hakuna aliyemwambia ameachwa.

Alikuwa na jambo moja tu la kushika. Zamani zile redio ilikuwa ikipeleka watangazaji migodini na mashine ya kunasia sauti. Wanaume wanapanga mstari, kila mmoja anataja jina, namba yake ya kazi, kijiji chake, kisha anatuma salamu nyumbani. Mwaka ule aliopotea, jirani mmoja alimsikia Tlelaka redioni. "Nimemsikia mumeo! Kasema habari za kurudi..." Anarudi, au harudi? Jirani hakujua. Betri zilikuwa zimechoka, redio ikafifia, na huko kwa 'Makhahliso mwenyewe hapakuwa na redio. Tangu hapo neno hilo lilikaa nusu.

Redio ilipotangaza kwamba kanda zile za salamu zimehamishiwa kwenye diski na jamaa wanaweza kuja kusikiliza, alipiga simu kutoka Mokhotlong kwa simu ya mwalimu. Mookho ndiye aliyepokea. Alimtafuta Tlelaka siku nzima, hayupo. Kesho yake akawaza kidogo, akampigia.

"'M'e, namba yake ya kazi unaikumbuka?"

"Nitaisahau vipi? Nilikuwa namtajia mwandishi kila nikituma barua. Bila namba barua haifiki." Akaisema yote kwa mkupuo, kama mtoto anavyosema sala.

Namba ilitokea mara moja. Mwenyewe alikuwa ameandikwa Petrose Moholi. Tlelaka aliajiriwa kwa karatasi za binamu yake, kama walivyofanya wengi siku zile, na huko mgodini hakuna aliyemjua kwa jina la kwao. Mookho alivaa vipokea sauti, akasikiliza. Sauti nyembamba, ya mtu mwenye baridi, ikataja jina la kuazima, ikataja namba, ikataja kijiji cha 'Makhahliso. Ikakohoa. Hapo akaizima. Hakuizima kwa uvivu. Aliona si adabu mtu baki kusikia maneno ya mume kabla ya mkewe. Yaliyobaki ni ya mwenyewe, aje ayasikie wa kwanza. Alikimbilia simu huku akilia.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kujua kwamba jina hudanganya na namba haidanganyi. Alilijua kwa mwanadamu siku ya Jumatano. Jumamosi akalisahau kwa diski.

Jumatatu alifika mapema, akawasha jiko dogo la mafuta ya taa kwenye chumba cha kusikilizia ili mama asikute baridi, akafuta vipokea sauti kwa kitambaa safi, akafungua kompyuta kuitafuta faili. Hakuiona. Akarudi nyuma, akaingia tena. Hakuona hata folda yake. Hakuona salamu ya mtu yeyote.

Mwili ulijua kabla ya akili. Alikuwa ameshasimama kabla hajajua anakwenda wapi.

Khauta alikuwa chumba cha seva, mtu mzito mwenye ndevu za mvi, viatu vyake bado vina udongo wa makaburini, kikombe cha chai mkononi.

"Ntate Khauta, salamu hazifunguki."

"Zipi?"

"Za wachimbaji. Zote. Hata folda haipo."

"Haipo vipi? Imekwenda dukani?"

"Jumamosi nilifuta diski. Kwa ajili ya studio."

Khauta aliweka kikombe chini, polepole. "Diski gani?"

"Ya nne."

"Ya nne ya nani?"

Khauta hakungoja jibu. Alikaa mbele ya Senqu na koti lake mwilini, akamwonyesha kiti cha pili kwa kidevu.

"Kaa. Soma."

Mookho akaandika amri kwa Mohokare, akaisoma namba ya diski ya nne, tarakimu moja moja. Khauta alifuata kwa kidole kwenye skrini yake. Kidole kilifika mstari wa nne, hakikusimama. Kikashuka. Kikasimama kwenye wa saba.

"Kwetu huyu ni wa saba," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mwishoni mwa mstari huo, upande wa Senqu, kundi lilikuwa bado limeandikwa kwa herufi kubwa: SALAMU. Jina lilikuwa limebaki mlangoni na nyumba imevunjwa.

"Mohokare katoka kwa mafundi juzi," Khauta alisema. "Kasahau kila mtu. Hajatambulishwa bado hata kwa diski moja. Ukimuuliza hii ya nani, atakwambia hakuna. Ningelala mimi mle ndani angesema hakuna."

"Nilijua hilo, Ntate."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ndilo linaloniua."

Khauta alifuta uso kwa kiganja. Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alijaribu aliyoyajua: akasimamisha hiki, akafungua kile, akaiuliza diski kwa amri za zamani ambazo Mookho hakuwahi kuziona akizitumia. Lakini studio ya picha ilikuwa imeandika juu yake tangu Jumamosi mchana bila kupumzika, ngoma na mahojiano na matangazo ya sabuni, na maji yakimwagika hayazoleki. Kanda zenyewe zilichomwa zilipokwisha kunakiliwa kwa kuwa zilikuwa zimeota ukungu. Nakala ya akiba? Mashine ya kunakili iliharibika msimu wa baridi uliopita, na kifaa chake kilikuwa bado kinangojea sahihi ya mkubwa fulani asiyejua ni cha nini.

Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa mapokezi. Kuna mama hapa katoka Mokhotlong, anasema anangojewa.

Mookho hakuinuka.

"Mwambie mashine ina homa," Khauta alisema. "Arudi mwezi ujao."

"Arudi kusikiliza nini?"

"Mwezi ujao ni mbali. Huenda..." Akatazama sakafu. "Kwenye kompyuta ya matangazo zimo salamu chache za mfano, zile tulizotumia kwenye tangazo. Sauti zenyewe zinakwaruza. Mama mzee, masikio ya kizee..."

"Ntate Khauta! Nimpe mume wa mtu?"

"Nimesema tu. Aibu ndiyo iliyosema, si mimi." Akachukua chai yake, ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo. "Nenda, binti yangu. Ningekwenda mimi, lakini mimi hanijui."

'M'e 'Makhahliso alikuwa mdogo wa umbo, kichwa amekifunga kitambaa cha sufu, blanketi lake la sherehe mabegani na buti za mpira miguuni. Alikuwa amekuja kwa mabasi mawili, akalala kwa mpwa wake. Alimkumbatia Mookho kabla ya salamu, akanuka moshi wa kuni na sabuni ya kufulia.

"Wewe ndiye sauti ya simu! Nilidhani mtu mnene."

Akampa mfuko wa plastiki wenye pichi zilizokaushwa. "Za mti wa nyumbani. Usinishukuru, mwaka huu ni chachu."

Mookho alimpeleka chumba cha kusikilizia kwa sababu hakujua pengine pa kumpeleka. Njia nzima alikuwa akitafuta neno la kuanzia. Mama hakumpa nafasi. Alikuwa amefanya mazoezi ya siku hii, ilionekana. Alijua hata namna ya kukaa. Aliketi, akalisawazisha blanketi magotini, akaviona vipokea sauti mezani, akavichukua kwa mikono miwili na kujivika mwenyewe juu ya kitambaa. Kisha akafumba macho, akasubiri.

Na Mookho akasimama pale, akimtazama mwanamke anasikiliza waya usio na kitu.

"Mbona kimya?" mama aliuliza kwa sauti kubwa, kama wafanyavyo watu walioziba masikio.

Mookho akapiga magoti mbele yake, akamwondolea kipokea sauti upande mmoja. "'M'e. Mashine imeharibika. Sauti imepotea."

"Itapatikana lini?"

"Haipatikani tena. Ni..." Alitaka kusema ni mimi. Neno lilifika kwenye meno. "Imefutika."

Uso wa mama haukubadilika mara moja. Aliangalia kompyuta, akaangalia ukuta, akaangalia mikono yake. Alikuwa mtu aliyezoea kufika mahali na kuambiwa hakuna. Kisha akamshika Mookho kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo Mookho hakuitarajia.

"Lakini wewe ulimsikia. Ulinipigia ukaniambia umemsikia."

"Ndiyo, 'M'e."

"Basi yamo kichwani mwako. Mimi sauti nitaiacha, nimeishi bila sauti. Niambie neno moja tu. Alisema anarudi?"

Ingekuwa wewe ungesema nini? Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa kwako na miguu yako ina joto. Mookho alikuwa na mkono wa yule mama kifundoni mwake, na macho yake, na miaka yote ile ya kusemwa na wakwe ikiwa imekaa chumbani pamoja nao. Aliwaza: mtu anayekohoa kwenye baridi, anayengoja zamu kwenye mstari ili atume salamu, angesema nini kingine? Aliwaza pia, na hili ndilo lililomsukuma, kwamba yeye ndiye aliyemnyima, basi yeye ndiye wa kumpa.

"Alisema anarudi."

Mama alitoa pumzi, ndefu, iliyokuwa imekaa ndani muda mrefu. Machozi yalianza kushuka bila yeye kuyajali. "Alisemaje? Sema kama alivyosema."

"Alisema..." Sasa njia ilikuwa imefunguka na haikuwa na mahali pa kugeuzia. "Alisema, ''Makhahliso, nisubiri, Krismasi nitakuwa nyumbani.' Ndivyo alivyosema."

Mkono uliomshika ulilegea.

"Aliniitaje?"

"'M'e?"

"Hapo mwanzo. Aliniitaje?"

"'Makhahliso."

"Kwa mdomo wake?"

Mookho aliona kwamba amekanyaga kitu, lakini hakujua nini. "Ndiyo, 'M'e."

Mama akavua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, kama kitu cha mtu. Akajifuta machozi kwa ncha ya blanketi, mara ya mwisho, kama amemaliza kazi yao.

"Basi si yeye."

"Ni yeye, 'M'e, namba ilikuwa..."

"Sikiliza, mwanangu. Jina hilo nilipewa na mama yake. Nilipoingia nyumba ile nilimlilia mume wangu kwamba jina hili linanikaba, mtoto mwenyewe hajaja, linanikaba. Akaapa hataliweka mdomoni. Na hakuliweka. Aliniita jina la kwetu, mbele ya baba yake, mbele ya wanaume wenzake, wakamcheka wakasema amekaliwa na mke. Kwenye barua, jina la kwetu. Akilewa, jina la kwetu. Huyo wako ni mume wa 'Makhahliso mwingine. Tuko wengi milimani. Maskini, na yeye hakumsikia."

"Lakini namba, 'M'e. Namba na kijiji."

"Aliazima jina la Petrose, Petrose atashindwa nini kuazima namba yake? Vitu hivyo walikuwa wanapeana kama tumbaku." Aliinuka. Alionekana mzee zaidi kuliko alivyoingia. "Kwa hiyo wangu hakusema kitu. Walikuwa wanasema kweli, wakwe zangu. Na mimi nilikuwa nikiwaona wabaya."

Mookho bado alikuwa amepiga magoti. Kati ya wanawake wote wa Maseru, yeye ndiye angejua. Yeye anayechomwa na 'Mathabiso kila asubuhi, yeye hakufikiri hata kidogo kwamba mwanamke mwingine anaweza kuwa na jina moja nyumbani kwa wakwe na jingine mdomoni mwa anayempenda. Alikuwa amechukua jina la upande mmoja tu akaliamini. Na sasa kwa uongo wake alikuwa amemuua yule mwanamume mara ya pili, na kumuua vibaya zaidi, maana mara ya kwanza alau alikuwa ameachiwa nafasi ya kuwa mwema.

"Nimekudanganya," alisema.

Mama alikuwa akifunga pini ya blanketi. Akasimama hapo hapo.

"Ni yeye, 'M'e. Kwa Mungu ni yeye. Sikumsikiliza mpaka mwisho. Nilisikia jina na namba na kijiji, akakohoa, nikazima. Nilitaka uwe wa kwanza. Halafu Jumamosi nikaifuta diski kwa mkono wangu, si mashine, ni mimi. Sijui alisema nini. Sijui alikuitaje. Hilo la Krismasi nimelitunga mimi sasa hivi."

"Umelitunga."

"Nililitunga nikikuonea huruma. Lakini mtu ni yeye. Hakukukana. Hakuna anayejua kwamba alikukana."

Mama alimtazama. Hasira haikuwapo usoni pake, na hilo ndilo Mookho alishindwa kulibeba. Alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama mto wenye maji machafu, anajaribu kukisia kina chake.

"Na hili unalosema sasa," aliuliza, "ni kweli?"

"Ni kweli, 'M'e."

"Hata pale uliponiambia Krismasi ulikuwa na macho hayo hayo."

Njia ya mwongo fupi, waliambiwa tangu utotoni. Hawakuambiwa kwamba mkweli akiipitia mara moja na yake hufupishwa. Kama ingekuwapo amri ya kumwonyesha mama yule namba ya mumewe, ile isiyobadilika, Mookho angeiandika kwa damu. Lakini iliyokuwa nayo ni diski, na diski ilikuwa imejaa ngoma.

Mgeni hasindikizwi kwa macho. Alimtoa mpaka nje, wakapita mapokezi, wakapita gari la Ntate Letlatsa lenye barafu kwenye vioo. Upepo ulikuwa unashuka kutoka milimani. Kwenye lango mama alisimama, akamuuliza njia ya kwenda stendi ya mabasi ya Mokhotlong. Mookho akamwelekeza vizuri: ushuke na barabara hii, ukifika kwenye mzunguko ushike mkono wa kushoto, utaona soko, stendi iko nyuma yake.

"Asante, mwanangu," mama alisema.

Kisha akamgeukia mlinzi wa lango, akamuuliza njia ile ile.